Mifuko ya Kupandia Pilipili na Pakiti Yake ya Mbolea: Tathmini ya Mnunuzi

Seti ninayoitathmini hapa inapatikana sasa katika maduka kadhaa ya pembejeo na kwa baadhi ya wauza miche wa kandokando ya barabara jijini Dar es Salaam, nayo imelengwa kwa mtu mwenye nafasi ndogo uani au kwenye baraza ya ghorofani ambaye angependa kuchuma pilipili zake mwenyewe badala ya kuzinunua kwa mafungu sokoni. Ndani yake mna mifuko myeusi ya plastiki ya ukubwa wa aina tatu, ambayo muuzaji huitaja kuwa ya lita 5, lita 10 na lita 20. Mna miche ya hoho aina ya California Wonder na ya pilipili mbuzi, yote ikiwa imekuzwa kwenye trei. Na mna pakiti ya kilo moja ya mbolea ya NPK 17:17:17 pamoja na karatasi ya maelekezo yenye mistari michache tu. Jina la duka nililonunua silitaji, kwa kuwa nimeona bidhaa za namna hii, zenye maelekezo yaleyale, kwa wauzaji wengine pia, na nia yangu ni kumsaidia mnunuzi kujua alipie nini na aache nini.

Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na muda wa kusoma yote aipate hapa. Mfuko mkubwa unastahili bei yake, mfuko wa kati unafaa kwa masharti, mfuko mdogo haufai kukuzia pilipili hadi izae, na mbolea yenyewe ni nzuri lakini maelekezo yaliyoambatana nayo yanaunguza mimea. Anayebana fedha ya mfuko na udongo kwa matumaini kwamba mbolea itafidia, ananunua kinyume.

Kasoro ya kwanza huonekana kabla hata udongo haujaingia mfukoni. Mfuko wa kati, unaotajwa kuwa wa lita 10, umepigwa chapa ya sentimita 30 kwa 30, na mnunuzi akisoma hivyo huona akilini mwake ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30, ambayo kwa kweli ingechukua lita 21. Vipimo hivyo, hata hivyo, ni vya mfuko ukiwa umelazwa bapa mezani. Upana wa sentimita 30 upande huu na sentimita 30 upande ule ni mzingo wa sentimita 60, na mzingo huo ukifunguka kuwa duara unatoa kipenyo cha sentimita 19 tu, kwa hiyo hata kama kimo chote kingetumika ujazo usingefika lita 9. Kimo chenyewe hakitumiki chote, kwa sababu kitako kilichochomwa kwa moto hujikunja na kula karibu sentimita 10, na juu lazima ibaki nafasi ya kumwagilia maji yasimwagike. Nilipoijaza kwa kopo la lita moja, mfuko mdogo ulipokea lita 3 za udongo, wa kati lita 5 na ushei, na mkubwa, wenye upana wa sentimita 45, ulipokea debe moja, yaani lita 18 hivi. Mkubwa peke yake ndio uliokaribia ahadi yake. Namshauri mnunuzi asiulize sentimita wala asikubali jina la mfuko. Amwombe muuzaji aujaze mchanga kwa ndoo ya lita 10 palepale dukani, kazi ambayo haichukui hata dakika tano.

Kwa upande wa uimara sina malalamiko mengi. Plastiki ni nene, haikuchanika nilipoihamisha mifuko ikiwa na udongo wenye maji, na vitundu vya kutolea maji vimetobolewa vya kutosha, ingawa vyote viko chini kabisa na huzibika mfuko ukikaa juu ya sakafu ya saruji. Nilitoboa vingine ubavuni, vidole viwili kutoka chini, na tatizo likaisha. Rangi nyeusi ndiyo inayonitia shaka kwa hali ya hewa ya pwani: ubavu unaotazama magharibi hupata moto mkali alasiri, na mizizi iliyogusana na plastiki upande huo niliikuta imekuwa ya kahawia ilhali ya upande wa pili ilikuwa myeupe. Iko mifuko ya aina nyingine iliyo nyeusi kwa ndani na nyeupe kwa nje, na ningependa seti hii ihamie huko. Kwa sasa gunia kuukuu lililozungushwa upande wa jua linatosha. Wapo pia wanaouliza kama mifuko hii ni halali. Zuio lililoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 liligusa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, si plastiki ya matumizi ya kilimo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, yaani namna mfuko unavyoamua ukubwa wa mmea. Miche ya hoho na ya pilipili mbuzi niliigawa katika mifuko ya ukubwa wote, kwa udongo wa mchanganyiko mmoja: sehemu mbili za udongo mweusi, sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na sehemu moja ya vumbi la makumbi ya nazi. Kwa wiki za mwanzo hapakuwa na tofauti ya kuonekana kwa macho, na nadhani hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika, kwa sababu mche mdogo katika mfuko mdogo hupendeza na hufanya mtu aamini kwamba mfuko mkubwa ni ubadhirifu. Tofauti ilianza mimea ilipofika kimo cha kiganja na nusu. Ile ya mifuko ya lita 3 iliacha kutoa matawi mapya, majani yake ya chini yakapauka, na ikatoa maua mapema kuliko mingine, jambo ambalo mgeni wa kilimo hulifurahia ingawa mara nyingi ni dalili ya mmea ulioishiwa nafasi. Maua yale mengi yalipukutika, na hoho chache zilizoshika zilikomaa zikiwa ndogo kama ndimu. Katika mifuko mikubwa maua yalichelewa, lakini yalipokuja yalikuta mmea wenye matawi ya kuyabeba.

Nilipoung'oa mmoja wa mimea ya mfuko mdogo nilikuta mizizi imejizungusha ukutani mwa plastiki kama kata ya kubebea ndoo kichwani, na katikati mwa udongo hamna mizizi ya maana. Katika mfuko mkubwa mizizi ilikuwa imetawanyika, na ingawa nayo ilianza kuzunguka chini, sehemu ya juu ilikuwa bado ina udongo usioguswa.

Haya si maoni ya ua wangu peke yake. Mwaka 2012 Hendrik Poorter na wenzake walichapisha uchambuzi uliounganisha matokeo ya majaribio 65 kuhusu ukubwa wa vyombo vya kupandia mimea ya aina nyingi, na wakaonyesha kwamba, kwa wastani, chombo kikiongezwa ujazo maradufu, uzito wa mmea huongezeka kwa asilimia 43. Kwa wastani huo, anayetoka kwenye lita 5 na kwenda lita 20, ambako ni kuongeza maradufu mara mbili, atarajie mmea wenye uzito wa karibu mara mbili. Kinachovutia zaidi katika uchambuzi ule ni sababu: mmea uliobanwa mizizi hupunguza kazi ya kutengeneza chakula katika kila sentimita ya jani, hata pale ambapo majani yanaonekana mazima. Ndiyo maana mtu anaweza kutazama pilipili yake ya kijani, isiyo na mdudu wala ugonjwa, na asielewe kwa nini imesimama.

Maji nayo yana sehemu yake. Mpilipili mkubwa unaozaa huweza kutumia zaidi ya lita moja ya maji katika siku ya jua kali, na mfuko wa lita 3 za udongo hauwezi kuhifadhi kiasi hicho cha maji yanayonyweka. Kwa hiyo mmea wa mfuko mdogo husinyaa saa saba mchana hata kama ulimwagiliwa alfajiri, hufufuka jioni, husinyaa tena kesho yake, na kila mara hupoteza baadhi ya maua. Kunyauka na kufufuka huko ndiko pia kunakoleta kuoza kitako kwa hoho, lile doa la kahawia lililobonyea upande wa chini wa tunda, ambalo wengi hulitibu kwa dawa ya ukungu bila mafanikio. Chanzo chake ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na kalsiamu husafiri pamoja na maji. Udongo unaweza kuwa nayo ya kutosha, na tunda likaikosa kwa sababu maji yamekatika mchana. Katika mifuko mikubwa doa hilo lilikuwa nadra. Katika midogo lilitokea karibu kwa kila tunda lililofikia ukubwa wa kuitwa hoho.

Mbolea ndiyo sehemu ya seti inayohitaji maneno mengi zaidi. NPK 17:17:17 ina naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa vya asilimia 17, virutubisho viwili vya mwisho vikihesabiwa kwa kipimo cha oksaidi, yaani pamoja na oksijeni iliyoungana navyo, kama ilivyo desturi ya mbolea nyingi, nayo ni chaguo la busara kwa mtu asiyetaka kununua mbolea ya kupandia na ya kukuzia mbali mbali. Malalamiko yangu juu ya bidhaa yenyewe ni ya kifungashio tu. Pakiti ilikuwa imepimwa kutoka kwenye mfuko wa kilo 50 na kufungwa kwa mkono, haikuwa na maandishi yoyote ya viwango wala tarehe, na punje zilikuwa zimeanza kugandana kwa unyevu. Mbolea ya namna hii hunyonya unyevu wa hewa ya pwani upesi sana; ukifika nayo nyumbani ihamishie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana.

Maelekezo ndiyo yaliyonishangaza. Karatasi inasema kizibo kimoja cha soda kwa kila mfuko, kila wiki, bila kutofautisha mdogo na mkubwa. Nilidhani ni kosa la uchapaji, nikamuuliza kijana aliyenihudumia, naye akanijibu kwa uhakika mkubwa: "Mama, kizibo kimoja kila Jumamosi, mfuko wowote ule. Ukiona haukui, ongeza."

Kizibo ni kipimo cha shambani, na huko kina mantiki yake. Kikijazwa sawasawa hubeba takriban gramu 5 za mbolea ya chengachenga, na maofisa ugani hukitumia kwa sababu kila mkulima anacho. Lakini tazama mpilipili wa shambani una udongo kiasi gani. Ukipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, na tukihesabu kina cha sentimita 30 ambamo mizizi mingi ya pilipili huishi, kila mmea una lita 81 za udongo wa kujitawala. Kizibo kilekile kikiwekwa kwenye mfuko wa debe moja, mbolea inakuwa nzito mara nne na nusu kuliko shambani. Kikiwekwa kwenye mfuko wa kati, wenye lita 5 za udongo, ni mara 16. Na kwenye mfuko mdogo, wenye lita 3 za udongo, ni mara 27. Tena shambani mkulima hurudia mara chache tu kwa msimu mzima, wakati karatasi hii inataka kila wiki. Ushauri wa "ukiona haukui, ongeza" unamwambia mnunuzi amwage chumvi zaidi palepale ambapo chumvi ndiyo inayouzuia mmea kukua.

Kwa maana mbolea ya dukani ikishayeyuka ni chumvi, na mpilipili hauvumilii chumvi sana. Orodha ya uvumilivu wa mazao iliyotolewa na Maas na Hoffman mwaka 1977, ambayo hadi leo hutumika katika mafunzo ya umwagiliaji, inauweka mpilipili katika kundi la mimea inayodhurika kwa urahisi wa wastani: mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo inapopita desisimensi 1.5 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa kadiri maji ya udongo yanavyopitisha umeme), na kila desisimensi moja inayoongezeka juu ya hapo hupunguza mavuno kwa asilimia 14. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Bagamoyo au Mombasa anayemwagilia kwa maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, sehemu ya nafasi hiyo imekwisha kuliwa kabla hata punje moja ya mbolea haijatiwa. Mfuko mdogo unazidisha tatizo kwa njia ambayo haionekani: maji ya udongo yakipungua kwa nusu ifikapo adhuhuri, chumvi iliyomo haipungui, hivyo mizizi hujikuta ndani ya maji yenye ukali maradufu katika saa ileile ambayo mmea una kiu kuliko saa zote.

Nilifuata maelekezo ya karatasi kwa baadhi ya mimea, mingine nikaipa mbolea kwa kadiri ya ujazo wa mfuko, na mingine nikaiacha na samadi iliyokuwa ndani ya udongo tangu mwanzo. Katika mifuko midogo iliyopata kizibo kila wiki, ukoko mweupe ulitanda juu ya udongo na kwenye kingo za vitundu, ncha za majani zikaungua na kukunjamana, na mimea ya hoho ikapukutisha majani ya chini yote. Ya pilipili mbuzi ilistahimili zaidi lakini haikuzaa. Katika mifuko ya kati matokeo yalikuwa ya kutatanisha, kwa sababu mimea ilionekana mizuri kwa muda, ya kijani kizito na majani mapana, kisha ikasimama. Katika mifuko mikubwa kizibo cha kila wiki hakikuunguza kitu, ila kiliharibu kwa namna nyingine: hoho zilijaa majani, vidukari wakayafuata majani yale laini yaliyojaa naitrojeni, na matunda yakachelewa sana kuliko kwenye mifuko mikubwa iliyopata mbolea kidogo.

Nililopenda mnunuzi alijue kuliko mengine ni hili: mimea ya mfuko mkubwa iliyoishi kwa samadi pekee, bila punje ya NPK, iliipita kwa kimo, kwa matawi na kwa matunda mimea yote ya mfuko mdogo, ya kila kiwango cha mbolea. Ilikuwa na rangi hafifu zaidi, ni kweli, na baada ya mavuno ya kwanza ilianza kuonyesha njaa, majani ya chini yakigeuka manjano. Hapo mbolea kidogo iliirudisha upesi. Mfuko mdogo haukuwa na kitu cha kuurudisha.

Kiasi ninachokitumia sasa, na ambacho ningependa kiandikwe kwenye karatasi ile, kinafuata lita za udongo: gramu 5, yaani kizibo kimoja, kwa kila lita 20 za udongo, kila baada ya wiki mbili, kuanzia mche unapokuwa umeshika na kutoa majani mapya. Kwa kuwa robo ya kizibo haipimiki, ni rahisi kuyeyusha. Weka vizibo viwili katika ndoo ya lita 10 ya maji jioni, koroga, acha hadi asubuhi ili mashapo yasiyoyeyuka yabaki chini, kisha kila mfuko upewe maji hayo kwa kiasi cha robo ya ujazo wa udongo wake: mfuko wa debe moja lita nne na nusu, nusu yake asubuhi hiyo na nusu kesho yake, na mfuko wa kati, wenye lita 5 za udongo, lita moja na robo. Udongo uwe umeloweshwa kwa maji matupu kabla, kwani mbolea kwenye udongo mkavu huunguza hata ikiwa kidogo. Mara moja kwa mwezi, au ukoko mweupe ukionekana, mfuko usuuzwe kwa maji safi mengi, mara mbili ya ujazo wake, hadi yatoke chini kwa wingi. Nilifanya hivyo kwa mimea ya mifuko ya kati iliyosimama, nikaisitishia mbolea kwa muda, na mingi ilianza tena kutoa machipukizi. Wakati matunda yameshika, mmea huhitaji potasiamu zaidi kuliko fosforasi, na hapo viwango vitatu vilivyo sawa vinaanza kuwa upungufu wa mbolea hii. Kijiko cha majivu ya kuni kwa mfuko mkubwa husaidia, mradi kisizoeleke, maana majivu huusogeza udongo upande wa magadi, na mpilipili hupenda udongo wenye uchachu kidogo.

Juu ya miche yenyewe niseme kwa ufupi. Ilikuwa na afya, na California Wonder ilikuwa ndiyo kweli, aina ya zamani iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1928 na ambayo mbegu zake zinaweza kuhifadhiwa na kupandwa tena. Swali ni kama inafaa pwani. Hoho hushindwa kushika matunda joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi, na usiku wa Dar es Salaam kuanzia Januari hadi Machi mara nyingi haushuki chini ya hapo. Ndiyo sababu hoho nyingi nzuri za sokoni Dar hutoka Lushoto na sehemu nyingine za milimani. Niliyopanda mimi ilizaa katika kipupwe, na joto la kaskazi lilipoanza maua yalipukutika mfuko mkubwa kwa mdogo, iwepo mbolea ama isiwepo. Duka linaloiuza seti hii mwaka mzima bila kusema neno juu ya msimu linawafanya wanunuzi wa Desemba wailaumu mbolea, kisha wainunue zaidi. Pilipili mbuzi ilistahimili joto vizuri zaidi, na kwa kuwa huishi zaidi ya mwaka ikitunzwa na hugeuka kichaka kipana, nisingeipanda katika kitu chochote chini ya lita 18.

Bei ni jambo ambalo seti inalificha kwa kuwa vitu vyote vinauzwa pamoja. Nilipouliza bei ya kila kitu peke yake, mfuko mkubwa haukufikia hata mara mbili ya bei ya mdogo, ingawa unabeba udongo mara sita. Gharama halisi ya mfuko mkubwa ni udongo wa kuujaza, na hapa mkazi wa mjini ana haki ya kulalamika, maana debe la udongo mweusi na samadi, pamoja na nauli ya bajaji, linaweza kupita bei ya mfuko wenyewe. Hata hivyo udongo hutumika tena msimu ujao ukiongezwa mboji na kusuuzwa chumvi, na ukiwa na vumbi la makumbi hauwi mzito wa kuvunja mgongo wala kuitia hofu baraza ya ghorofani. Ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20, iliyooshwa na kutobolewa, inafanya kazi ileile ya mfuko mkubwa, na mwenye nayo hana sababu ya kununua mfuko.

Huduma baada ya mauzo ilikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Nilirudi na vipimo vyangu vya lita, mwenye duka akaitikia bila ubishi kwamba mifuko midogo na ya kati haifiki ujazo unaotajwa, akanibadilishia ile ambayo sikuwa nimeitumia kwa mikubwa kwa kuongeza tofauti ya bei. Kuhusu karatasi ya maelekezo alisema huletewa na msambazaji na yeye haigusi. Mikubwa, aliniambia, huuza hata mmoja mmoja kwa anayeiomba, bila miche wala pakiti ya mbolea, ingawa mbele ya duka imetundikwa seti nzima tu.